Kibanja cha Mama na Jina la Bakteria

Kila mwaka, tunapofika katika mada ya uainishaji wa bakteria wa mimea, wanafunzi wangu huniuliza swali lile lile: "Mwalimu, jina linamsaidia nini mkulima?" Huuliza kwa adabu, lakini nyuma ya adabu hiyo kuna shaka ya haki kabisa. Mgomba ulionyauka umekwisha kunyauka, na hauwezi kufufuka kwa sababu mtu wa maabara amembadilishia mdudu jina la Kilatini. Kwa muda mrefu nililijibu swali hili kama vitabu vinavyolijibu. Leo nataka kulijibu kama mtoto wa mkulima, kwa kuwa jibu la kitabu, ingawa ni la kweli, linaficha deni ninalodaiwa nyumbani kwetu.

Nimezaliwa Muleba, mkoani Kagera. Asiyekijua kibanja cha Mhaya hudhani ni shamba la ndizi tu. Kibanja ni ua wa nyumba, ni ghala la chakula na ni mahali pa kuzikia. Migomba huanzia mlangoni na kuizunguka nyumba, kahawa na maharage vikiwa chini yake, na samadi ya ng'ombe ikirudishwa humo mwaka baada ya mwaka na vizazi vilivyopokezana. Baba yangu amelala katika kibanja hicho, kati ya migomba aliyoipanda kwa mikono yake. Mama hakupata kukiita kibanja hicho "mali". Kwake ni nyumbani, na ndani ya neno hilo yumo Baba pia.

Mnyauko wa migomba unaosababishwa na bakteria ulithibitishwa Uganda mwaka 2001, na mwaka 2006 ukathibitishwa kwetu Tanzania, katika mkoa huo huo wa Kagera. Ulipofika kwa Mama, mimi nilikuwa mwanafunzi wa uzamili, nikijifunza kuwatambua bakteria wa mimea kwa kemia ya miili yao. Alinipigia simu jioni. Baada ya kuitikia shikamoo yangu aliniambia kwamba ndizi za mgomba mmoja zimeiva kabla ya wakati wake, tena bila mpangilio, moja ya njano na jirani yake ya kijani. Kwamba alipoipasua moja aliikuta nyama yake imeoza na kuwa ya kahawia. Na kwamba alipoukata mgomba wenyewe, pale panga lilipopita palitoka ute wa njano. "Ute huo sijawahi kuuona maishani mwangu," alisema.

Sikujua siku ile kwamba Mama alikuwa amekwisha kufanya kipimo cha kemia. Rangi ile ya njano ndiyo iliyolipa jenasi lile jina lake: neno la Kigiriki *xanthos* lina maana ya njano, na bakteria hawa huitwa *Xanthomonas*. Utando wao wa nje hubeba rangi za kundi liitwalo zanthomonadini, ambazo zina bromini ndani ya molekuli zake na humkinga bakteria dhidi ya madhara ya mwanga. Rangi hizo ni alama mojawapo ambayo wataalamu waliitumia kwa miongo mingi kulitenga kundi hili na makundi mengine ya bakteria wa njano. Mama alikuwa na panga, macho mazuri na uzoefu wa miaka hamsini kibanjani, na alitambua kwamba kilichokuwa mbele yake hakikuwa ule mnyauko wa zamani wa fangasi, ambao hunjanisha majani vilevile lakini hautoi ute wala hauozeshi ndizi kwa namna ile.

Mimi nilimjibu kwa yale yaliyokuwa yakifundishwa wakati ule. Nilimwambia ang'oe shina lote, yaani mgomba mgonjwa pamoja na machipukizi yake yote, afukie, na eneo lile aliache bila migomba kwa miezi kadhaa.

"Hata haya machanga yasiyo na dalili?" aliuliza.

"Hata hayo, Mama. Ugonjwa umo ndani, hauonekani."

Aling'oa. Alianza na shina moja, yakafuata matatu, na kabla ya mwaka kwisha kibanja kilikuwa na uwazi mkubwa upande wa mashariki, upande ule lilipo kaburi la Baba. Nitarudi kwenye uwazi huo.

Kwanza nieleze tulikuwa tukifanya nini maabara. Kila seli ya bakteria imezungukwa na utando, na katika utando huo mna asidi za mafuta. Aina za asidi hizo na uwiano wake hutofautiana baina ya kundi na kundi. Zipo zenye mnyororo ulionyooka wa kaboni 16 au 18, na zipo zenye tawi dogo karibu na ncha ya mnyororo. *Xanthomonas* hujulikana kwa wingi wa minyororo yenye matawi, na hasa kwa asidi fupi chache za kaboni 11 na 13 ambazo ni nadra kuzikuta kwingine. *Ralstonia solanacearum*, bakteria anayenyausha nyanya na viazi hapa kwetu, na ambaye jamaa zake huinyausha migomba huko Amerika ya Kati na Kusini, ana minyororo iliyonyooka kwa kiasi kikubwa. Kwa jicho la mkulima magonjwa hayo mawili ya migomba hufanana sana. Kwa asidi za mafuta hayafanani hata kidogo.

Namna ya kuzipata asidi hizo inaeleweka kwa mtu yeyote aliyepata kuona sabuni ikipikwa. Bakteria hukuzwa kwenye sahani, wakakwanguliwa, wakachemshwa ndani ya magadi makali yaliyochanganywa na methanoli. Mafuta ya utando huachana na seli, kama mafuta ya mawese yanavyogeuka ndani ya sufuria ya mpika sabuni. Kisha hutiwa asidi na methanoli ili mafuta yale yawe mepesi kugeuka mvuke, halafu mvuke huo hupitishwa katika mrija mrefu na mwembamba wa mashine ya kromatografia ya gesi. Kila asidi hutoka kwa wakati wake na kuchora kilele chake kwenye karatasi. Nilipomsimulia Mama hayo alicheka mpaka akakaa chini. "Kwa hiyo serikali inakusomesha kupika sabuni ya wadudu," alisema.

Niliwahi kupata aibu kubwa katika maabara hiyo. Vielelezo kutoka kwetu vilipofika nilivikuza haraka kwenye chakula chenye sukari nyingi, kwa kuwa bakteria huyu hukipenda na hutoa makundi manene ya njano yanayovutia. Vielelezo vya kulinganishia vilikuwa vimekuzwa kwenye chakula kingine, kile kinachotakiwa na utaratibu wa kipimo. Mashine ikachora picha mbili zisizolingana. Kwa siku mbili nilitembea nikiwa nimejaa kiburi: nilidhani nimegundua bakteria mpya katika kibanja cha mama yangu. Nikampelekea msimamizi wangu karatasi zile. Alizitazama kwa utulivu, akaziweka mezani, akaniuliza maneno mawili tu: "Uliwalisha nini?"

Kipimo cha asidi za mafuta kina sharti ambalo halina mjadala. Bakteria wote wanaolinganishwa lazima wale chakula kimoja, wakae kwenye joto moja, kwa kawaida nyuzi 28 kwa hawa wa mimea, na wavunwe wakiwa na umri mmoja, takribani saa 24. Utando hujirekebisha kufuata chakula na joto. Ukiwalisha tofauti ukawapima sawa, unachopima ni malisho, na wewe unaandika kwamba umepima ukoo. Nililirudia zoezi lote, na mara hii picha zililingana barabara.

Swali lile la msimamizi wangu limenifuata mpaka kwenye vikao ambavyo havina uhusiano na bakteria. Nimekaa katika kamati za udahili ambamo majina ya vijana hupangwa kwa alama, huyu juu, yule chini, na kila mmoja wetu mezani akijua kwamba mmoja amesoma katika shule yenye maabara na walimu wa sayansi, na mwingine amefaulu fizikia kwa kuchora vifaa ubaoni bila kuvigusa. Sisemi mitihani ifutwe, kwa sababu hakuna kipimo kisicho na masharti. Nasema kwamba mtaalamu wa bakteria anayeyapuuza masharti ya malisho hurudishiwa karatasi zake siku hiyo hiyo, ilhali sisi tunaowapanga vijana hatuna wa kutuuliza tulichowalisha.

Turudi kwenye jina. Mwaka 1968 Dagnachew Yirgou na J. F. Bradbury walimweleza bakteria huyu kutoka Ethiopia, ambako alikuwa akinyausha ensete, mmea wa jamii ya mgomba ambao watu wa kusini mwa nchi hiyo hula wanga wa shina lake. Mwaka 1974 wakaeleza kwamba huko huko Ethiopia ameingia pia kwenye migomba. Enzi hizo ilikuwa desturi kumpa bakteria jina kufuatana na mmea alikokutwa: mmea mpya, jina jipya. Majina yakazidi 100. Katika miaka ya 1970 wataalamu walikiri kwamba kwa vipimo vya maabara vya wakati ule hawakuweza kuyatofautisha, wakayakusanya karibu yote chini ya jina moja, *Xanthomonas campestris*, ambalo asili yake ni ugonjwa wa kabichi na jamaa zake. Kila mmoja akabaki na kitambulisho cha pembeni kinachotaja mmea wake, kiitwacho patova. Hivyo bakteria wa ensete na migomba akaandikwa *Xanthomonas campestris* patova *musacearum*, akawekwa nyumba moja na bakteria wa kabichi.

Katika miaka ya 1990 Luc Vauterin na wenzake huko Ghent, Ubelgiji, waliupanga upya ukoo huu. Mwaka 1995 walitumia ulinganishi wa DNA, na mwaka uliofuata wakachapisha picha za asidi za mafuta za vielelezo zaidi ya 900. Spishi mpya zikatangazwa, mojawapo ikiwa *Xanthomonas vasicola*, inayowakusanya bakteria wa mtama na miwa. Bakteria wa migomba hakuhamishwa wakati ule. Ni mwaka 2008 ambapo Valente Aritua na wenzake walichapisha matokeo ya kupima vielelezo vya ugonjwa huu wa migomba na ensete: asidi zake za mafuta, alama za DNA yake na mfuatano wa jeni moja, vyote vikielekeza upande mmoja. Huyu si wa kabichi. Ndugu zake ni wale wa mtama na miwa. Wakapendekeza aitwe *Xanthomonas vasicola*. Pendekezo hilo lilikamilishwa rasmi mwaka 2020. Kati ya ushahidi na uhamisho rasmi wa jina ikapita miaka 12.

Hapo ndipo mwanafunzi wangu huuliza: je, mkulima? Fikiria mkulima aliyeambiwa aache eneo lililong'olewa bila migomba. Atapanda nini? Wengi walipanda mahindi, na wengine mtama. Ikiwa bakteria huyu ni ndugu wa wale wanaoshambulia nafaka hizo, basi mtafiti ana wajibu wa kuuliza kama nafaka hizo zinaweza kumhifadhi, swali ambalo hakuna aliyekuwa na sababu ya kuliuliza alipokuwa akihesabiwa ndugu wa bakteria wa kabichi. Jina sahihi halimpi mkulima dawa. Linamwelekeza mtafiti mahali pa kuchimba.

Hata hivyo, utafiti ule ule wa 2008 ulikuwa na sehemu ya pili ambayo naipenda zaidi, na huwa nawataka wanafunzi waisome mara mbili. Watafiti waliwachukua ndugu wale wa mtama na miwa, ambao kwa asidi za mafuta wanafanana sana na bakteria wa migomba, wakawaingiza ndani ya migomba hai. Migomba haikuugua. Yule wa migomba alipoingizwa, iliugua vibaya. Kemia ilikuwa imesema kweli kuhusu ukoo, na haikuwa imesema lolote kuhusu tabia. Miaka minne baadaye, jenomu nzima zilipolinganishwa, ilionekana kwamba hata bakteria wa migomba wenyewe wana matawi mawili: moja katika vielelezo vya Ethiopia, Kongo na Rwanda, jingine katika vya Uganda, Kenya, Tanzania na Burundi. Mgawanyiko huo haukuwa umeonekana katika asidi za mafuta. Kila kipimo kina mahali kinapoishia.

Nalisisitiza hili kwa sababu natoka Kagera, mkoa wa mpakani, na nimeona watu nao wakiainishwa. Jirani zetu wa Rwanda waliwekewa kabila kwenye vitambulisho na utawala wa Ubelgiji katika miaka ya 1930, na dunia nzima inajua karatasi hizo zilitumika kufanya nini mwaka 1994. Mwaka 2013, wakati wa operesheni ya kuwaondoa wahamiaji katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, kulikuwa na malalamiko ya watu kwamba wametambuliwa kwa sura na lafudhi tu. Nawasihi wanaharakati vijana wasiniombe niwape mfano wa bakteria kuhusu watu. Mfano huo haupo. Bakteria ana utando unaopimika chini ya masharti yanayojulikana, na hata huyo tunashindwa kumjua tabia mpaka tumpeleke kwenye mgomba hai. Mtu anayedai kuisoma asili na nia ya jirani yake kwenye pua au matamshi anadai uwezo ambao sayansi yangu hainao juu ya mdudu.

Sasa nirudi kwenye uwazi wa upande wa mashariki. Utafiti uliofanywa baadaye katika nchi zetu za maziwa makuu ulionyesha kwamba bakteria huyu hasambai daima kwenye mimea yote ya shina moja. Mgomba mmoja unaweza kuugua, na machipukizi mengi ya shina hilo yakabaki salama na kuzaa. Ushauri ukabadilika: kata mgomba unaoonyesha dalili peke yake, mapema, usawa wa ardhi, rudia ukaguzi kila wiki, choma panga kwenye moto kabla ya kuhamia mgomba mwingine, na uvunje ua dume kwa kijiti chenye panda, bila kisu, ili nyuki na wadudu wengine wasilete ugonjwa kupitia hapo. Wakulima wengi waliofuata njia hiyo kwa uvumilivu waliona ugonjwa ukipungua mpaka kiwango kidogo, na kibanja kikaendelea kulisha nyumba.

Kwa maneno mengine, baadhi ya yale machanga yasiyo na dalili ambayo Mama aliniuliza habari zake huenda yangeishi. Nilimjibu kwa uhakika ambao sikuwa nao. Sikumdanganya; nilirudia mwongozo uliokuwepo. Lakini mwongozo uliozaliwa kwa tahadhari nilimfikishia kama hukumu, kwa sababu nilikuwa msomi na yeye alikuwa mama yangu wa kijijini aliyeuliza swali zuri.

Nilimweleza hayo miaka kadhaa baadaye, tumekaa barazani. Nilitegemea ahuzunike, au anifariji. Aliniuliza, "Mlijua lini?" Nikamtajia miaka. Akanyamaza, kisha akasema, "Mimi nimejua leo, mwanangu." Hakuongeza neno.

Jibu hilo nawaandikia hasa ninyi mlio katika utumishi wa umma. Tunatumia fedha nyingi, na kwa haki, kuwafikishia wakulima agizo la kwanza. Agizo la kung'oa lilifika Muleba kwa redio, kwa mikutano ya kijiji, kwa vipeperushi, na kwa simu ya mtoto aliyesomeshwa. Marekebisho yake hayakupata njia hata moja ya hizo kumfikia Mama. Sayansi ina utaratibu wa kujisahihisha: jina la bakteria lilibishaniwa, likapimwa, likabadilishwa, na tarehe za mabadiliko hayo zimeandikwa ili yeyote azikague. Ofisi zetu nazo zinaweza kuwa na daftari kama hilo. Kila mwongozo unaotolewa kwa wananchi uandikwe tarehe, uandikwe ushahidi uliousimamisha, na uwe na afisa mwenye wajibu wa kurudi kijijini ushahidi ukibadilika, akasema hadharani: tulisema hivi, sasa tumejua zaidi. Hilo halihitaji mashine ya kromatografia. Linahitaji nauli na unyenyekevu.

Msimu uliopita nilikwenda nyumbani na machipukizi sita safi kutoka kwa jirani ambaye kibanja chake hakijaugua. Tuliyapanda na Mama upande wa mashariki, karibu na kaburi. Nilipolichukua panga kupunguza mizizi, alinishika mkono. Alikuwa amekwisha kuwasha moto pembeni. Akaniambia niliunguze kwanza.